Tope linalokauka na tope linaloganda: ndani ya ndoo ya fundi wa bodi mna nini?

Swali: Kabla ya kuhamia Columbus, Ohio, nilikuwa fundi wa kumalizia nyumba Dar es Salaam, hasa dari za jipsamu. Sasa nimepata kazi kwa mkandarasi anayekarabati nyumba za zamani, na hapa kila kinachopakwa kwenye maungio ya bodi (zile za jipsamu iliyofunikwa karatasi) huitwa "mud", yaani matope. Mwezi uliopita nilijaza tundu kubwa la ukuta kwa tope la ndoo, na baada ya siku mbili likapasukapasuka lote. Nikaambiwa nitumie la mfuko, nalo likaniganda ndooni kabla sijafika nusu ya kazi. Naomba kujua matope haya yametengenezwa kwa nini, yanatofautianaje, na kama ni kitu kilekile na unga wa jipsamu tuliokuwa tukiutumia nyumbani. Tena nina ndoo iliyobaki nusu, imekaa gereji tangu Desemba. Je, bado inafaa?

Jibu: Ndugu yangu, la ndoo lilipasuka na la mfuko likaganda kwa sababu moja, nayo ni kwamba wenzako kazini wanaita vitu viwili vyenye tabia mbalimbali kwa jina moja. Kiswahili kingewasaidia hapa, kwa kuwa sisi tuna vitenzi viwili ambavyo fundi hawezi kuvichanganya. Kanga iliyoanikwa kambani hukauka, maana maji yaliyokuwa ndani yake yameondoka na kanga imebaki ileile. Zege hushika, au huganda, maana maji yameingia ndani ya saruji na kuzaa jiwe ambalo halikuwapo. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake hulimwagilia maji zege la jana badala ya kuliacha lichomwe na jua. Tope la ndoo ni la ukoo wa kanga, na tope la mfuko ni la ukoo wa zege. Karibu yote nitakayokueleza hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Tuanze na ndoo. Kiungo chake kikuu ni kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga laini. Ni madini yaleyale ya mawe ya matumbawe yaliyojengea Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ila waashi wa pwani waliyachoma mawe hayo kwa kuni hadi yakawa chokaa, nayo chokaa ikishazimwa kwa maji na kupakwa ukutani huvuta kaboni dayoksaidi iliyo hewani na kujirudisha polepole kuwa jiwe. Unga wa ndoo haujachomwa. Ni jiwe lililokwisha kuwa jiwe, halina njaa ya maji wala ya hewa, na likiachwa peke yake halishikani na chochote, sawa na mchanga mkavu.

Kinachoushikanisha unga huo ni gundi, na mara nyingi gundi yenyewe ni ya jamii ya ile nyeupe ya maseremala, iliyotawanywa ndani ya maji kwa matone madogo mno. Juu yake huongezwa kileta uzito kinachotokana na selulosi ya mimea, ambacho huyazuia maji yasinyonywe haraka na karatasi ya bodi na kulifanya tope liteleze chini ya skrepa, yaani kisu bapa cha kupakia. Huongezwa pia aina fulani ya udongo wenye chembe kama nyuzi ndogo, na huo ndio unaolipa tope tabia uliyoiona bila shaka: likitulia ndooni hukaa kama siagi, likikorogwa hulegea, likipakwa ukutani hutulia tena bila kuchuruzika. Wengine hutia maika, ambayo vipande vyake bapa hupunguza mipasuko, au talki ya kuongeza ulaini. Ndoo zinazouzwa kwa sifa ya wepesi huwa na perlaiti, yaani kioo cha volkano kilichopashwa moto kikavimba kama bisi za mahindi. Mwisho kuna dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu selulosi ikikaa na maji miezi kadhaa huwa chakula cha vijidudu. Na maji yenyewe si haba, kwani mara nyingi hufika karibu theluthi ya uzito wote.

Theluthi hiyo ndiyo iliyokupasulia tundu lako. Tope la ndoo huwa gumu kwa njia moja tu, yaani maji kuondoka, na kila maji yanapoondoka chembe husogeleana na ujazo hupungua. Tabaka likiwa jembamba, hupungua kuelekea ukutani na jicho halioni kitu. Likiwa nene, uso hukauka kwanza na kuwa gamba, kisha ndani hufuata baadaye na kusinyaa chini ya gamba ambalo haliwezi tena kusogea, na hapo pasipo na nguvu hupasuka. Yeyote aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anaijua habari hii. Mkandiko wa kwanza wa fito hupasuka kama kisigino cha mkulima, na hakuna anayeshangaa. Husubiriwa ukauke kabisa, kisha unakandikwa wa pili mwembamba unaoziba nyufa za kwanza. Waliolibatiza jina la matope hawakukosea sana, kwa kuwa tope la ndoo lina tabia zote za udongo wa kukandikia, pamoja na tabia ya kurudi kuwa laini likilowa. Pitisha sponji yenye maji juu ya maungio yaliyokauka nawe utaona.

Ndoo nazo hazifanani. Ile ya kupachikia tepu, yaani utepe unaofunika maungio, ina gundi nyingi, hushika sana na ni kazi kuipiga msasa. Ile ya tabaka la mwisho ina gundi kidogo, husinyaa kidogo na msasa huila bila shida, lakini haifai kabisa kushikilia tepu. Na ile ya kazi zote ipo katikati. Kwa anayekarabati chumba kimoja kimoja kama wewe, ya kazi zote inatosha, mradi uilegeze kwa maji kidogo unapofika tabaka la mwisho.

Sasa tufungue mfuko. Humo ndani, pamoja na unga wa chokaa uleule na vikolezo vyake, kuna kitu ambacho ndoo haina: jipsamu iliyochomwa. Jipsamu mbichi ni kalsiamu salfeti iliyofungamana na maji, na maji hayo yaliyofungwa ndani ya jiwe kavu hufika takriban asilimia 21 ya uzito wake. Likipashwa moto wa kiasi cha nyuzijoto 150 za Selsiasi, jiwe hilo hupoteza robo tatu ya maji yake na kubaki unga mweupe ambao ulimwengu mzima unauita plasta ya Paris, kwa sababu ya machimbo ya jipsamu yaliyokuwa Montmartre na kwingineko katika mji huo. Unga huo una kiu. Ukiutia maji, huyarudisha maji yale yaliyofukuzwa na moto, na katika kuyarudisha huota fuwele ndefu kama sindano zinazopenyana na kusokotana hadi mchanganyiko mzima uwe jiwe tena. Kazi hiyo hutoa joto, na ndiyo maana mtu aliyevunjika mguu na kufungwa P.O.P., yaani plasta hiyohiyo, huhisi mguu unapata moto kwa dakika chache. Huko Marekani mafundi huliita tope hili "hot mud", tope la moto. Wengi wao wanataka kusema tu kwamba linakimbia, lakini ukiweka mkono chini ya ndoo wakati linaganda utahisi kwamba jina lina ukweli wa pili.

Kwa kuwa halisubiri maji yaondoke, tope la mfuko husinyaa kidogo sana. Jipsamu yenyewe hata huvimba kidogo inapoganda. Hilo ndilo la kujazia mapengo mapana na pembe zilizobomoka, na aliyekuelekeza mfuko badala ya ndoo, kati ya hayo mawili alikuelekeza sawa. Alichosahau kukuambia ni namba. Plasta tupu huganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo kiwandani hutiwa kichelewesho, ambacho huweza kuwa asidi ya jamii ya ile ya ndimu au protini ya wanyama, ili fundi apate nafasi ya kupumua. Namba unayoiona kubwa mbele ya mfuko, 5, 20, 45, 90 au hata 210, ni dakika ambazo kichelewesho hicho kimekununulia kwa makadirio. Usidhani kwamba namba 45 inakupa dakika 45 za kupaka. Hizo zinahesabiwa tangu unga ulipogusana na maji, kukoroga kukiwamo, na tope huanza kuwa zito na kukataa kulainika mapema kabla ya hapo. Kama mfuko wako ulikuwa wa 20 nawe ulikoroga ndoo nzima, basi hapakuwa na fundi duniani ambaye angeimaliza.

Lakini hata namba ikiwa kubwa, kuna mambo matatu yanayoiibia dakika, na la kwanza ndilo ninaloliona kila mahali. Ndoo uliyokorogea jana ikibaki na ukoko kando, ukoko huo ni fuwele zilizokwisha kukomaa, nazo zikiingia katika mchanganyiko mpya huwa kama chachu: fuwele mpya huotea juu yake papo hapo, badala ya kuanza na kitu kisichokuwapo. Mfuko wa 45 katika ndoo chafu unaweza kukufanyia kama wa 20. Osha ndoo, skrepa na kikorogeo kila baada ya mchanganyiko mmoja, wakati tope bado ni laini. La pili ni maji ya uvuguvugu, ambayo huharakisha. Tumia ya baridi, safi, ya kunywa. La tatu ni kukoroga kwa drili ya mwendo mkali kwa muda mrefu, ambako huzivunja fuwele changa na kuzitawanya, na kila kipande huwa mbegu. Tia maji kwanza, mimina unga juu yake, koroga kwa mwendo wa polepole hadi madonge yaishe, acha litulie kama dakika moja, koroga tena kidogo, kisha ondoka ukapake. Na likianza kuganda, usiliongeze maji ili kulirudisha. Litaonekana limelainika, lakini utakuwa umezivunja sindano zilizoanza kushikana nazo hazitashikana tena kwa nguvu ileile, na utapaka ukutani kitu kitakachomeng'enyuka kama biskuti.

Hapa niweke onyo lililonigharimu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuoshea ndoo katika sinki la jikoni la mwenye nyumba, nikidhani kwamba tope likichanganyika na maji mengi haliwezi kuganda tena. Likaganda vizuri kabisa, ndani ya bomba, chini ya maji, na nikalipa fundi bomba zaidi ya nilicholipwa mimi. Kitu kinachoganda kwa kunywa maji hakizuiwi na maji. Mabaki yaache yawe jiwe ndani ya ndoo ya plastiki, kisha ibinye ndoo hiyo na utupe vipande kwenye taka.

Kuhusu ulichokuwa ukikitumia Dar es Salaam, jibu linategemea mfuko upi. Unga wa jipsamu ambao mafundi wa dari huuchanganya kidogo kidogo na kuuwahi kabla haujashika ni ndugu wa karibu wa tope la mfuko la huko uliko. Tofauti kubwa huwa katika kiasi cha kichelewesho na vikolezo vya kulainisha, ndiyo maana wa nyumbani ulikulazimisha uwe mwepesi wa mkono na wa Ohio unakuruhusu kuchagua. Puti ya kupigia skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha, kuta za lipu ni jambo jingine. Nyingi hutengenezwa kwa saruji nyeupe, unga wa chokaa na gundi, kwa hiyo huganda kwa njia ya saruji, na nyingine hukauka tu kama ndoo ya Wamarekani. Soma maandishi ya mfuko. Jina la mbele halitoshi. Jipsamu mbichi yenyewe huchimbwa Tanzania pia, Makanya kule Same na Itigi mkoani Singida, na viwanda vya saruji huisaga pamoja na klinka, yaani madonge ya saruji yaliyotoka tanuruni, ili kuichelewesha saruji isishike upesi. Nimekuwa nikiliona hili kuwa kichekesho kidogo cha kikemia: madini yanayohitaji breki yakiwa peke yake ndiyo breki ya mwenzake.

Nije sasa kwenye matumizi, nikianza na tundu lako, maana tope lolote lisingekuwa jibu lake. Tundu la ukubwa wa ngumi au zaidi halijazwi tope. Likate liwe na pembe nne, ingiza ubao nyuma yake na uukaze kwa skrubu kupitia bodi iliyopo, kisha kata kipande cha bodi cha unene uleule, kikaze juu ya ubao huo, na tope lipewe kazi yake halali ya kuziba maungio manne. Lakini umesema nyumba ni za zamani, na hapo chunguza kwanza, kwa kuwa nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili hazina bodi kabisa. Ukuta wake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa misumari kwa safu vikiachiana nafasi, na plasta ikasukumwa juu yake hadi ikapenya nyuma na kujining'iniza. Ni fito na udongo wa kikwetu, kwa lugha nyingine. Katika ukuta wa namna hiyo, kama mbao bado ni imara, tope la mfuko lafaa sana, kwa matabaka, baada ya kufagia vumbi na kulowanisha kidogo kingo za plasta ya zamani. Zisipolowa hunyonya maji ya tope jipya kabla halijanywa ya kulitosha.

Katika maungio ya kawaida ya bodi, mpangilio ninaoupendelea ni mfuko chini na ndoo juu. Mapengo yanayozidi upana wa milimita 3 hivi huyajaza kwanza kwa tope la mfuko na kuliacha ligande. Kisha inakuja tepu, na hapa ndipo wanaotoka kwenye dari za nyumbani hukosea, kwa kuwa wamezoea tepu ya wavu inayojibandika yenyewe. Wavu huo wa nyuzi za kioo hauna ubaya, lakini unanyumbuka, kwa hiyo tabaka lililo juu yake sharti liwe gumu, na hilo ni tope la mfuko pekee. Ukiufunika kwa tope la ndoo, msimu wa kwanza nyumba inapotanuka na kusinyaa utaona mstari mwembamba wa ufa ukifuata maungio. Tepu ya karatasi haina mzaha huo. Paka tope la ndoo upana wa tepu kwa wingi wa kutosha, ilaze karatasi katikati, kisha ipitie skrepa ya inchi 6 ukiibana ili tope la ziada litoke kando, lakini usiikamue hadi pabaki pakavu chini yake. Mahali pakavu ndipo patakapotoa kiputo cha hewa baadaye, na dawa yake ni kukata na kuanza upya.

Tabaka la pili hupakwa kwa skrepa ya inchi 8 au 10, la tatu kwa ya inchi 12, kila moja likivuka kingo za lililotangulia na kuishia kwa wembamba wa karatasi. Siri yote ya kazi hii imo katika upana, wala haimo katika unene. Bodi hutoka kiwandani zikiwa zimebanwa kwenye kingo ndefu ili tepu na tope vipate mahali pa kulala, lakini kingo fupi hazikubanwa, na zikikutana lazima patokee mwinuko. Hakuna anayeuondoa mwinuko huo. Hufichwa tu kwa kuutandaza upande huu na huu hadi futi mbili au zaidi kwa jumla, jicho lisione mlima kwa sababu mlima umekuwa tambarare ya mteremko mdogo. Nimeona mafundi wakilisugua eneo hilo kwa msasa hadi tepu ikatoka nje. Wangeongeza upana wa tope wangeokoa saa nzima.

Kati ya tabaka la ndoo na jingine, subiri likauke kikamilifu. Kwa kawaida huwa saa 24, lakini maji hayana saa ya mkononi: katika hewa yenye unyevu mwingi yatachelewa, na chumba kikiwa chini ya nyuzijoto 13 usianze. Rangi itakuambia, kwani tope bichi ni la kijivu na likikauka huwa jeupe kila mahali. Tope la mfuko halikulazimishi kusubiri weupe huo. Likishakuwa gumu waweza kupaka jingine juu yake siku hiyohiyo ingawa bado ni baridi ukiligusa, na ndiyo sababu wenye haraka hulipenda. Kuna mifuko ya aina mbili, moja huganda ikawa kama saruji na msasa huishia kuikwangua tu, nyingine imetiwa vitu vyepesi ili isuguliwe. Ile ngumu iache chini, daima. Nami huepuka kupaka la mfuko juu ya la ndoo, kwa kuwa gamba gumu lililokalia kitu laini huachana nacho.

Msasa wa namba 150 watosha kwa sehemu kubwa, na taa ya mkono iliyowekwa karibu na ukuta, ikimulika kwa ubavu, itakuonyesha mikwaruzo ambayo taa ya dari huificha. Kabla ya rangi, praima, yaani rangi ya msingi, ni lazima. Karatasi ya bodi na tope hunyonya rangi kwa viwango tofauti, na ukuta usiopigwa praima utaonyesha kila maungio kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi pindi jua la jioni linapoingia dirishani. Ukisikia msimamizi akitaja daraja la 4 au la 5, hayo ni ya Gypsum Association, chama cha watengenezaji wa bodi, ambacho kimepanga umaliziaji kuanzia 0 hadi 5. La 4 ndilo la nyumba za kawaida. La 5 huongeza skimu nyembamba juu ya ukuta mzima, na hutakiwa kwa rangi inayong'aa au kuta zinazopigwa na mwanga wa ubavu. Bei yake nayo si ya kawaida, kwa hiyo uliza kabla hujaanza.

Kuna jambo ambalo kwa mtu anayekarabati nyumba za zamani nalipa uzito kuliko yote niliyoyasema. Kwa miongo kadhaa matope haya yalitiwa nyuzi za asbesto huko Marekani ili yasipasuke, na mwaka 1977 tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ndiyo iliyopiga marufuku matope ya kuzibia yenye asbesto. Bidhaa zilizokuwa zimekwisha kupakwa zilibaki ukutani, na ziko humo hadi leo. Asbesto iliyotulia chini ya rangi haimdhuru mtu, lakini ukiipiga msasa unaifanya vumbi la kuvutwa mapafuni, na madhara yake huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa hiyo katika nyumba iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya miaka ya 1980, usisugue wala usivunje maungio ya zamani kabla ya kipande kupelekwa maabara, na anayepaswa kulipia kipimo ni mwajiri wako. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, yaliyokatazwa kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Ukiambiwa kwamba huo ni upotevu wa muda, kataa kwa adabu, lakini kataa.

Hata tope jipya lisilo na asbesto halina vumbi la kupuuzwa, kwani lina unga wa chokaa, jipsamu, talki na maika, na wakati mwingine silika, yaani madini ya mchanga. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilikuta wapiga msasa wakivuta vumbi lililofikia mara 10 ya kiwango kinachoruhusiwa, na ikapima misasa iliyounganishwa na kifyonza vumbi ikaona inapunguza vumbi hilo kwa asilimia 80 hadi 97. Kama mkandarasi hana kifyonza, vaa barakoa ya N95 inayokaa vizuri usoni, wala si kitambaa, na sugua kwa kibao chenye mpini mrefu ili uso wako ukae mbali na ukuta. Kwa marekebisho madogo ya tope la ndoo, sponji yenye unyevu huondoa kabisa haja ya msasa, kwa sababu, kama nilivyosema, tope hilo hukubali kulainishwa tena.

Kukubali huko ndiko kunakolikataza bafuni mahali maji yanaporuka moja kwa moja, na nje ya nyumba kabisa. La mfuko huvumilia zaidi, lakini nalo ni jipsamu, na jipsamu huyeyuka katika maji kidogo kidogo. Nyuma ya vigae vya bafu, weka bodi za saruji na ujazie maungio kwa kitu cha saruji.

Imebaki ndoo yako ya gereji. Gereji isiyopashwa joto huko Ohio hushuka chini ya sifuri wakati wa baridi, na tope la ndoo likiganda kwa barafu, gundi iliyotawanywa ndani yake huweza kukusanyika ikaacha maji. Ilete ndani ya nyumba, iache siku moja au mbili ipate joto la chumba bila kuiweka karibu na hita, kisha fungua na uinuse. Ikinuka yai bovu, au ukiona madoa meusi au ya waridi kando ya ndoo, itupe, kwa kuwa dawa ya ukungu imekwisha nguvu. Maji safi yaliyoelea juu si tatizo. Yakoroge yarudi ndani. Baada ya kukoroga, vuta kidogo kwa skrepa juu ya kipande cha bodi. Likitanda laini, litumie kwa tabaka za chini na ununue jipya kwa la mwisho. Likitanda na madonge madogo kama maziwa yaliyokatika, hata ukilikoroga hadi kesho halitarudi. Na ile itakayobaki safari ijayo, pangusa kuta za ndoo kwa ndani, mwagia maji ya kimo cha kidole juu ya tope, funika, na uipeleke chumba cha chini ya nyumba badala ya gereji.